Shemeji, Mwambie Mzee

Majuzi nilialikwa kwenye chuo kimoja cha uuguzi Mbeya, nikaone wanavyofundisha siku hizi. Kijana mmoja, fundi wa mitambo mwenye adabu nyingi, alinivisha miwani mikubwa myeusi inayoziba uso nusu, kama ile ya mchomelea vyuma, na mara nikajikuta wodini. Kitandani alilala mwanamume wa makamo aliyekunja ndita. Figo zake zilikuwa zimekwisha, na kazi yangu ilikuwa kumweleza. Nikaanza kwa kumwamkia, kama nilivyolelewa: "Kamwene, baba." Kimya. Nikasubiri, maana kwetu Uheheni salamu haina haraka. Kimya. Yule kijana akaniinamia sikioni akasema, "Bibi, hiyo salamu hatujamwekea."

Nilicheka mpaka miwani ikanivuka. Lakini sikuidharau, msinielewe vibaya. Wanafunzi waliniambia kwamba humo ndani ya miwani, kwa mgonjwa wa kompyuta, wanajifunza kumwambia mtu habari mbaya, kumtuliza mwenye hasira, kukaa na anayelia, na wakikosea wanarudia bila mtu kuumia. Nilitamani kuwakumbatia wote. Jambo hilohilo ndilo nililokuwa nalihangaikia Iringa miaka ya sabini, wakati hata umeme wa chuo ulikuwa unakuja na kuondoka upendavyo. Nikawasimulia jinsi tulivyofanya sisi, wakaniambia, bibi, haya yaandike. Basi naandika, na nikijisifu humu ndani mnivumilie, maana nimengoja muda mrefu kujisifu.

Nilikuwa mwalimu wa wauguzi, bado kijana, nimepanga chumba mtaa wa Mlandege. Kila asubuhi nilipanda kuelekea chuoni kwa miguu, kofia yangu nyeupe nimeifunga ndani ya kanga isiingie vumbi. Tulikuwa na chumba cha mazoezi chenye vitanda, mabeseni, skrini moja ya wodini, yaani ile fremu ya chuma yenye magurudumu na vitambaa vya kijani ya kumkingia mgonjwa, na mwanasesere mkubwa wa mpira aliyeletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Alikuwa na macho ya buluu na tundu pajani la kuchomea sindano. Wanafunzi walimwita Shemeji.

Shemeji alikuwa mgonjwa wa kupendeza mno. Hakuwahi kukataa sindano. Hakutukana, hakulia, hakuuliza kama atapona. Wasichana walimwogesha, walimgeuza, walimlisha uji kwa bomba, wakapata alama nzuri, kisha wakapelekwa wodini kwa binadamu wenye midomo yao, na jioni wakanirudia macho mekundu. Mmoja ametukanwa na mzee wa Kibena kwa sababu hakupiga goti alipompa maji. Mwingine ameulizwa na mama, "Mwanangu yuko wapi?" naye anajua mtoto amekwisha kupelekwa mochwari, akajibu yuko bafuni anaogeshwa. Hapakuwa na somo la mambo hayo. Kitabu chetu kilisema tu kwamba muuguzi azungumze na mgonjwa kwa upole na uchangamfu. Nilikuwa nakisoma sentensi ile natamani kukirusha dirishani.

Ndipo nikaamua kumstaafisha Shemeji kwa vipindi viwili vya wiki, nikapanda kitandani mimi mwenyewe. Nilikuwa na kipaji hicho tangu utotoni. Nyumbani nilichapwa mara nyingi kwa kuwaigiza wageni hata kabla hawajafika barabarani. Niliazima koti la mlinzi, lile zito lenye harufu ya tumbaku, nikawa mzee anayetaka kuondoka leo hii kwa sababu mahindi yake yanaliwa na ngedere. Nikawa mkulima wa mpunga wa Rujewa asiyeamini kwamba kidonge kidogo vile kinaweza kufanya kazi. Nikawa mfugaji aliyehamia Usangu kutoka kaskazini, Kiswahili chake cha kuokoteza, anayeuliza jambo moja tu: nani anawanywesha ng'ombe wake. Wasichana walikuja mmoja mmoja kuzungumza nami, na wenzao wakitazama. Aliyekosea alirudia. Tulicheka sana, na baada ya kucheka tulizungumza kwa makini.

Baadaye nikaweka sheria ya pili, na hii ndiyo ninayojivunia zaidi. Kila mwanafunzi alete mgonjwa anayemwogopa, amwigize yeye mwenyewe. Ukimwogopa mtu, nilisema, vaa koti lake ukalale kitandani pake. Ukishalala pale utaona dari anayoitazama.

Kulikuwa na msichana mmoja kutoka Rungwe, Mnyakyusa, mrefu, mwenye mikono mitulivu kuliko yote niliyopata kufundisha. Mikono yake ilipofunga bandeji ungedhani kidonda kinashukuru. Alikuwa amechumbiwa na kijana fundi wa kiwanda cha mbao Mafinga, ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kufika kwao, na harusi ilingoja amalize chuo. Msichana huyu alifanya kituko. Asubuhi moja akiwa wodi ya wanaume, amebeba sinia la dawa, alifika kitanda fulani, akamwona mzee aliyeletwa kutoka mashamba ya chai ya Mufindi. Aliweka sinia sakafuni, akajifunika uso kwa aproni, akatoka nje mbio. Alipoulizwa alisema, "Siwezi." Alipoulizwa kwa nini, alitazama viatu vyake.

Metroni wetu alikuwa mama mrefu, aliyesomea ng'ambo, anayetembea kwa visigino vinavyosikika korido nzima. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mkali kama spiriti kwenye kidonda. Alimwita msichana ofisini mbele yangu.

"Nesi anayekimbia wagonjwa," alimwambia, "ni kama dereva anayeogopa barabara. Ukikimbia tena, funga sanduku lako. Kuna wasichana wengi wanaililia nafasi hii."

Msichana alisema, "Ndiyo, Metroni," kwa sauti ndogo. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kwao kufika mbali hivyo kwa masomo. Nilijua hawezi kurudi Rungwe na sanduku lake bila kuvunjika moyo moja kwa moja.

Juma lililofuata ikawa zamu yake kuleta mgonjwa anayemwogopa. Alivaa koti la mlinzi, akapanda kitandani, akakaa. Kisha akageuka, akalipa mgongo darasa zima, akaukabili ukuta. Hakusema kitu. Mwenzake alimkaribia akamwamkia, hakujibu. Mwingine akajaribu kuzunguka upande wa pili ili amwone usoni, naye akazidi kujigeuza mpaka karibu aanguke. Darasa likaanza kucheka. Mimi nikawa nimeduwaa, maana nilikuwa nimeona wagonjwa wengi lakini huyu sikumtambua.

Sauti ikatoka nyuma, ya msichana mwingine wa Kinyakyusa, naye alikuwa hacheki. "Mwalimu, huyo ni baba mkwe."

Ndipo tukaelezwa. Kwao, msichana akishachumbiwa na ng'ombe wakapokelewa, baba wa mume wake haonani naye. Wakikutana njiani, msichana anaingia porini mpaka mzee apite. Hamtazami, hatazamwi, hamsemeshi, wala jina lake halitoki kinywani mwake. Na si baba mkwe peke yake, hata ndugu zake. Mzee yule wa mashamba ya chai alikuwa mdogo wake baba mkwe. Na msichana alishindwa kujieleza ofisini kwa sababu kumtaja tu ni kuvunja mwiko.

"Si woga wa kuogopa kupigwa," yule wa nyuma alisema. "Ni heshima. Na yeye mzee anaifanya hivyohivyo. Akijua mkamwana yuko mbele, anageuka."

Msichana alikuwa bado ameukabili ukuta, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilimvua koti, nikampa leso yangu.

Darasa likawaka. Msichana wa Kihehe alisema hospitali ni hospitali, mila ziachwe getini pamoja na baiskeli. Mwingine akamjibu kwamba mwacha mila ni mtumwa. Niliwaacha wabishane, kwa sababu nilitaka wabishane. Aliyetuokoa alikuwa msichana wa Kihindi, binti wa mwenye duka la vitambaa mjini, ambaye kwa kawaida hakusema mpaka aulizwe.

"Kwetu ni hivyohivyo," alisema. "Babu akiingia, mama anavuta sari inafunika uso. Hasemi naye. Akitaka kumwambia chakula tayari, anamwambia mtoto. 'Mwanangu, mwambie babu chakula kiko mezani.' Babu anasikia kila kitu, yuko palepale. Naye anamjibu mtoto."

"Na kama mtoto hayupo?" mtu akauliza.

"Lazima awepo yeyote. Mama alisema na mdogo wangu akiwa bado ananyonya."

Darasa zima liliangua kicheko, lakini msichana wa Rungwe hakucheka. Alikuwa ameinua kichwa. Hata kwao, alisema polepole, kuna wakati mama mtu mzima anatuma neno kwa kupitia mtu mwingine. Inategemea unavyolisema. Inategemea unakaa wapi.

Basi tukavuta skrini katikati ya chumba. Mimi nikavaa koti nikalala upande mmoja. Msichana akakaa upande wa pili juu ya kigoda, mgongo wake kwenye kitambaa. Na pembeni, pale ambapo anaonekana na pande zote mbili, tukamkalisha Shemeji kwenye kiti, macho yake ya buluu yakitazama mbele. Hatimaye alipata kazi ya maana.

"Shemeji," msichana alianza, akasita kidogo, akaanza upya. "Shemeji, mwambie mzee, dawa hii ni ya kifua. Ni chungu, simdanganyi."

"Shemeji," nikanguruma, "mwambie huyo binti kwamba mimi dawa chungu nimezinywa kabla mama yake hajazaliwa."

"Mwambie basi mzee hii haitamshinda."

Ilikuwa kama kufungua bomba lililoziba. Sauti yake, iliyokuwa ikikwama wodini, ilitoka laini na yenye uhakika. Nilipomgomea, hakunibembeleza. Aliniuliza kupitia Shemeji ninachoogopa. Nikajibu kwamba siogopi kitu. Akanyamaza, akaacha kimya kikae, mpaka mimi mwenyewe, mwalimu wake, niliyelala pale na koti la watu, nikajisikia kutaka kusema. Kukaa kimya namna hiyo sikuwa nimewafundisha. Nilijifunza kwake siku ile, na nikawafundisha wengine miaka yote iliyofuata.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mlango ukafunguliwa, Metroni akaingia, akakuta mwanafunzi aliyeonywa juzi amekaa nyuma ya pazia anazungumza na mwanasesere, na mwalimu amelala kitandani na koti la mlinzi. Nilimweleza. Nilieleza vizuri, nadhani, kwa mtu aliyekuwa anavua koti huku anaeleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hospitali haina wakwe," alisema. "Ina wagonjwa. Mwezi ujao mnakwenda Mbeya kwa mazoezi, na mimi nitakuwepo. Mbeya ndiyo itasema."

Alikuwa na hoja, sikatai. Mgonjwa anayetapika damu hawezi kungoja ukatafute mtu wa katikati. Lakini nilitoka pale nimekasirika, nikafua aproni zangu zote kwa nguvu ambazo hazikuhitajika.

Tulikwenda Mbeya kwa basi. Mafinga tulisimama kununua mahindi ya kuchoma, baridi imetanda, magogo ya misonobari yamepangwa kando ya barabara, na mchumba wa msichana alikuwa anatungoja, nywele zake zimejaa unga wa mbao. Alinishika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo mwalimu. Mzee wangu yuko Mbeya hospitalini, hukohuko mnakokwenda. Mguu umeoza, kidonda cha siku nyingi. Madaktari wanataka kuukata, yeye amekataa. Kaka zangu wamemlilia, amekataa. Anasema atarudi nyumbani afe na miguu yake yote."

Msichana alikuwa amesimama nyuma yangu na hindi lake. Hakulila. Mpaka tunashuka kwenye tambarare za Usangu, lilikuwa bado mkononi mwake, limepoa. Pale ambapo barabara ya Rujewa inachepuka, ndipo aliponigeukia.

"Mwalimu, nikipangwa wodi ile?"

Nilimwambia ninaweza kumwomba Metroni ampeleke wodi ya watoto. Nilikuwa nimekwisha kulipanga hilo kichwani tangu Mafinga. Aliyatazama mashamba ya mpunga yakipita.

"Hapana," alisema. "Wamekwenda wote, akawashinda. Pengine hakuna aliyesema naye vizuri." Kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe unaweza kuwa Shemeji?"

Nikamkumbusha kwamba mimi Mhehe, sijui Kinyakyusa hata cha kuombea maji. Akasema Shemeji naye hakijui.

Siku ya kwanza ya mazoezi Metroni alisimama katikati ya wodi ya wanaume ya upasuaji, akagawa vitanda kwa kidole. Hakujua mzee wa kitanda cha mwisho ni nani. Alijua tu kwamba ni mgonjwa mgumu aliyewashinda wote. Kidole kikamwangukia msichana wetu. Msichana alisimama mlangoni. Kutoka pale lilionekana blanketi la mzee, na harufu ya mguu ule ilifika mpaka kwetu. Hakusogea. Wagonjwa wakaanza kutazama. Metroni akatazama saa yake iliyoning'inia kifuani, akanitazama mimi, na nilijua sanduku la mtu linafungwa pale pale.

Sikuomba ruhusa. Nilivuta skrini ya wodi, gurudumu moja likipiga kelele, nikaizungushia kitanda cha mwisho. Niliweka kigoda nyuma yake. Msichana akajifunika kanga kichwani juu ya kofia, akapita akiangalia ukutani, akakaa, mgongo kwenye kitambaa. Mimi nikasimama kwenye ncha, mguu mmoja huku, mwingine huku, nikiwaona wote wawili.

"Mwagonile," msichana alisema, akiniambia mimi.

Neno hilo nililijua, ni salamu ya heshima. Mengine karibu yote niliyosikia baada ya hapo yalinipita kama maji yapitavyo juu ya jiwe. Lakini nilikuwa na macho. Nilimwona mzee, ambaye alikuwa amelala akitazama dari kama mtu aliyekwisha kuaga, akikunja uso kusikiliza. Aliisikia sauti ya mwanamke kijana inayosema na mtu mwingine badala yake, kutoka nyuma ya kitambaa. Akaelewa ni nani. Polepole, kwa maumivu yaliyomtoa jasho, na huku nikitaka kumzuia, yule mzee mwenye mguu uliooza alijigeuza kitandani akaukabili ukuta.

Nikamkumbuka msichana na koti la mlinzi.

Walizungumza hivyo, migongo yao ikitazamana, mimi katikati kama nguzo ya nyumba. Msichana alisema, akanyamaza. Mzee alinijibu mimi, kwa sauti nzito, nami nikaitikia kwa kichwa kwa heshima bila kuelewa hata neno. Wakati mwingine mzee alikuwa mkali. Wakati mwingine msichana alikaa kimya mpaka nikahofu amekwama, kumbe alikuwa anamngoja. Wodi nzima ilikuwa imetulia. Metroni alikuwa amesogea mpaka kitanda cha jirani, na visigino vyake kwa mara ya kwanza havikusikika.

Yaliyosemwa aliniambia msichana baadaye, tumekaa barazani tukinywa chai isiyo na sukari. Alimwambia mzee ukweli wote: mguu utakatwa juu ya goti, atalala usingizi wa dawa, akiamka ataumwa sana, na atatembea kwa magongo. Kisha akauliza kupitia kwangu swali ambalo hakuna daktari wala mtoto wake aliyeuliza. Mzee anaogopa nini? Mzee akasema haogopi kisu. Msichana akanyamaza. Ndipo mzee akauliza: mguu ukishakatwa unakwenda wapi? Aliwahi kusikia kwamba viungo vinatupwa shimoni, mbwa wanafukua. Mtu atazikwaje nyumbani kwa baba zake kama kipande chake kimeliwa na mbwa wa Mbeya? Msichana akamwambia ataomba mguu ukabidhiwe kwa wanawe, wakauzike nyumbani. Akaniambia mimi kwa Kiswahili, ombi hilo peke yake, na nikampelekea Metroni, na Metroni akaenda kwa daktari kwa hatua zile zake ndefu, akarudi na neno moja: sawa.

Lakini mzee alikuwa bado anasita. Akasema amezeeka, na nyumba yake itakwenda hata bila yeye.

"Nikakwambia wewe, mwalimu," msichana alisema, akizungusha kikombe chake. "Nikasema: mwambie mzee, nimejifunza kumwepuka tangu ng'ombe wake walipofika kwetu. Nimejifunza njia za kupita. Nikija kwake nami nimeolewa, nikakuta hayupo, nitamwepuka nani? Heshima yote hiyo nitaipeleka wapi?"

Mzee alivuta blanketi mpaka mabegani. Kisha akasema neno ambalo nililisikia kwa masikio yangu, na ambalo hata Mhehe analijua: "Ndaga." Asante.

Waliukata mguu asubuhi iliyofuata. Msichana alimhudumia mpaka tunaondoka Mbeya, akimfunga bandeji kwa mikono iliyopita chini ya kitambaa cha skrini, mzee ameukabili ukuta, nami nikisimama kwenye ncha yangu. Sijapata kuona kidonda kilichofungwa vizuri vile na mtu asiyemtazama mwenye kidonda usoni.

Metroni hakuniomba radhi, wala sikutaka aombe. Tuliporudi Iringa aliniita ofisini, akaniuliza, "Ulikuwa unaelewa walichosema?"

"Hata neno moja, Metroni. Mimi nilikuwa Shemeji tu."

Alifungua daftari lake la vifaa. "Chumba chako cha mazoezi kina skrini moja," alisema. "Haitoshi." Wiki ile zikaja nyingine mbili. Habari ya sanduku hakuitaja tena, na msichana aliingia mwaka wa mwisho pamoja na wenzake.

Siku ya mahafali viti vilipangwa uwanjani, chini ya mikalitusi. Wazazi walikuja na mabasi, na kanga mpya, na kuku. Yule kijana wa Mafinga alifika akiwa amemshika baba yake, ambaye alikuwa na magongo mawili ya mbao nzuri, yamepigwa msasa, kazi ya mwanawe. Mzee alichagua kiti cha safu ya mbele. Akakishika, akakigeuza, akakaa akilipa mgongo jukwaa, wageni wa heshima, bendera na sisi sote.

Watu wakaguna. Mshereheshaji akadhani mzee amekuja na ugomvi, akashuka kwenda kumgeuza. Hakufika. Metroni alikuwa ametoka kwenye kiti chake jukwaani, visigino vikizama kwenye nyasi, akamshika mshereheshaji mkono.

"Mwache," alisema. "Mkwe wake anapita."

Jina la msichana likasomwa. Alipanda jukwaani na kofia yake nyeupe, akapokea beji yake, mikono mitulivu kama siku zote. Na kule mbele, bila kugeuka hata kidogo, mzee aliinua gongo lake moja juu kabisa, akalishikilia hewani mpaka binti alipomaliza kushuka ngazi. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikaniuma, na nikaendelea kupiga.